Nani Ashike Ufunguo wa Ghala?

Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Kwa watunzi wa programu za kompyuta, kisu hicho ni idhini ya kuandika. Ghala la msimbo, panapotunzwa maagizo yanayounda programu na kumbukumbu ya kila badiliko, linaweza kusomwa na maelfu. Wenye ruhusa ya kulibadilisha ni wachache.

Awali suala hili lilikuwa la kiufundi. Mfumo wa RCS, uliobuniwa na Walter Tichy mwanzoni mwa miaka ya 1980, ulimtaka mwandishi aweke kufuli kwenye faili, ili watu wawili wasifutiane kazi. Mwaka 1986 Dick Grune alianzisha CVS: kila mmoja hufanya kazi kwenye nakala yake, kisha mabadiliko huunganishwa. Foleni ikaisha, lakini kufuli likahamia mlangoni pa ghala. Swali likawa la kisiasa: nani anastahili kuandika?

Desemba 1994 Theo de Raadt, mmoja wa waasisi wanne wa mfumo wa NetBSD, aligombana na wenzake waliolalamikia ukali wa lugha yake. Alitakiwa kujiuzulu, na idhini yake ikafutwa. Mwasisi akabaki nje ya nyumba aliyoijenga. Hata hivyo, leseni ilimruhusu mtu yeyote kunakili msimbo na kuuendeleza. Mwaka 1995 akaanzisha OpenBSD, na ghala lake likafunguliwa kwa umma kulisoma kupitia intaneti. Mwaka 1999 mradi huo ulitoa OpenSSH, ambayo leo hulinda mawasiliano ya seva kote duniani.

Mwaka 2005 Linus Torvalds alibuni Git, ambamo kila nakala ni ghala kamili lenye historia yake yote. Hata hivyo, neno la mwisho katika ghala kuu la Linux lilibaki kwake. Mlinzi hakutoweka, kilichopungua ni gharama ya kumkimbia.

Hapo ndipo lilipo funzo. Ghala lisilo na mlinzi huharibika, kwa hiyo ufunguo sharti ushikwe na mtu. Kinachomzuia mlinzi asigeuke mfalme ni haki ya wengine kuondoka na nakala yao. Ndugu mtumishi wa umma, ofisi yako inapotia saini mkataba wa mfumo mpya, usiulize bei pekee. Uliza pia: ufunguo atashika nani, na siku tukikosana, tutaondoka na nini?