Misitu ya Kale ya Majani Mapana ya Uingereza

Msitu wa kale, kwa maana inayotumika Uingereza, ni msitu ambao ardhi yake haijaacha kuwa msitu tangu mwaka 1600 au kabla yake. Mwaka huo ulichaguliwa kwa sababu kabla ya hapo ilikuwa nadra mtu kupanda miti ili kuanzisha msitu. Palipokuwa na msitu mwaka 1600, kwa kawaida palikuwa na msitu karne nyingi nyuma. Misitu hii ni ya miti ya majani mapana inayopukutisha majani wakati wa baridi, na mingi ni midogo, imezungukwa na mashamba ya ngano. Mgeni anayeingia humo mara ya kwanza hutazama juu kutafuta miti minene. Asipoiona, hudhani kwamba msitu ni mchanga au umekwisha kuharibiwa na wakata miti. Dhana zote mbili hazina msingi. Umri wa msitu huu unasomwa chini, kwenye visiki, matuta na maua, na shoka ni miongoni mwa mambo yaliyouhifadhi. Vilivyouua ni plau, misonobari ya kupandwa na, siku hizi, meno ya kulungu.

Miti mingi ya majani mapana ya Uingereza haifi ikikatwa. Mhazeli, mtilia na mfraksino, ambao ni wa ukoo mmoja na mzeituni, huchipua upya kutoka kwenye kisiki, kama mkaratusi unavyochipua kwa mkulima wa Kiambu au Iringa aliyekwisha kuuza nguzo zake. Wanavijiji na watawa wa zamani waliijua sifa hiyo. Waliugawa msitu vipande vipande, wakakata kipande kimoja kila majira ya baridi, na kurudi kwenye kile cha kwanza baada ya miaka kama 7 hadi 20, kulingana na aina ya mti na kazi iliyokusudiwa. Fito nyembamba zilisukwa kuwa nyua za kondoo na kuta za nyumba za kukandika. Zile nene zilikuwa kuni na mkaa. Kati ya visiki waliacha mialoni michache irefuke kwa ajili ya boriti na mbao. Katika Bradfield Woods, mkoani Suffolk, msitu uliokuwa mali ya abasia ya Bury St Edmunds, ukataji wa namna hii unajulikana tangu mwaka 1252 na unaendelea hadi leo. Humo kuna visiki vya mfraksino ambavyo, kwa kukatwa na kuchipua pembezoni kizazi baada ya kizazi, vimetanuka na kuwa kama duara la mashina yanayozunguka uwazi, kwa kuwa shina la mwanzo la katikati lilioza zamani. Kimoja kilipimwa kikawa na upana wa zaidi ya mita 5, na Oliver Rackham, mtaalamu wa mimea wa Cambridge aliyefariki mwaka 2015, alikikadiria umri usiopungua miaka 1,000. Mfraksino usioguswa na shoka huwa umezeeka ukifika miaka 200 hivi. Hapo juu ya kisiki cha miaka 1,000 mgeni huona fito zenye unene wa mkono, ambazo huenda zina miaka 10 tu, na kama hakuinama hatajua kwamba amepita karibu na kiumbe mzee kuliko makanisa mengi ya nchi hiyo.

Ushahidi wa pili uko kwenye mipaka. Kitabu cha sensa ya ardhi kilichoandikwa kwa amri ya Mfalme William mwaka 1086 kinaonyesha, kwa hesabu alizofanya Rackham, kwamba misitu ilikuwa imebaki kwenye asilimia 15 hivi ya nchi. Kwa hiyo picha ya Uingereza ya kale iliyofunikwa na pori kubwa kutoka pwani hadi pwani, inayopendwa na watunzi wa hadithi, haihusu Enzi za Kati. Msitu ulikuwa mali adimu, na mali adimu huwekewa mipaka. Wenyewe walichimba mtaro kuuzunguka na kurundika udongo upande wa ndani, likawa tuta pana la kuzuia mifugo isile machipukizi. Katika Hayley Wood, mkoani Cambridgeshire, ambao umo katika orodha ya mali za askofu wa Ely ya mwaka 1251, tuta la namna hiyo bado linaonekana, limejaa majani makavu, na mstari wake unapindapinda bila kujali mipaka iliyonyooka ya mashamba ya karne za baadaye.

Maua nayo hutoa ushahidi, na huenda ndio ulio wazi kuliko wote. Mwaka 1974 mwanaikolojia George Peterken alichapisha njia ya kutambua misitu ya kale kwa kutumia mimea ya chini ambayo ni mizito kuhama. Mmojawapo ni hayasinti mwitu, ambayo mwezi Aprili na Mei hutandaza rangi ya buluu chini ya miti kabla majani ya juu hayajaziba jua. Karibu nusu ya hayasinti hizo zote duniani ziko katika Ufalme wa Muungano. Mwingine ni Primula elatior, ua la manjano hafifu linalosifika Hayley Wood. Kando ya msitu huo kuna kipande cha shamba kilichoachwa karne ya 20, kikajiotea mialoni chenyewe hadi kikawa msitu kamili kwa jicho la mpita njia. Lakini primula imeingia humo polepole mno, ikianzia mpakani mwa msitu wa zamani. Miti hurudi haraka, ilhali jamii ya mimea ya chini hungoja vizazi vya watu. Hii ndiyo sababu ahadi ya kupanda miche mipya mahali pengine, kufidia msitu wa kale uliofyekwa kupisha barabara au reli, haitimizi inachoahidi. Miche ni jambo jema, ila haichukui nafasi ya kilichopotea.

Misitu iliyokuwa ikikatwa kila baada ya miaka michache ilidumu karne nane kwa sababu ilikuwa na faida, na hakuna mwenye akili anayeng'oa kinachomlisha. Makaa ya mawe yalipopatikana kwa bei nafuu na waya ukachukua nafasi ya fito, faida ikaisha. Mwaka 1919 serikali iliunda Tume ya Misitu ili nchi isikose tena mbao kama ilivyotokea wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, na baada ya vita ya pili kasi iliongezeka: misitu mingi ya kale ilipuliziwa sumu, ikakatwa na kupandwa miti ya jamii ya misonobari, na mingine iling'olewa kwa matrekta kupanua mashamba. Kwa makadirio yanayokubalika, karibu nusu ya misitu ya kale iliyokuwapo miaka ya 1930 ilibadilishwa hivyo katika muda wa miongo mitano. Bradfield yenyewe ilipoteza sehemu kubwa miaka ya 1960 kabla wanavijiji na wahifadhi hawajaiokoa. Sera ilibadilika mwaka 1985, serikali ilipoelekeza kwamba misitu ya majani mapana iendelee kuwa ya majani mapana.

Kuna wanaopinga hoja kwamba shoka huhifadhi msitu. Wanasema kwamba asili haihitaji mlinzi mwenye shoka, na kwamba ukataji unawanyima makazi wadudu, kuvu na popo wanaoishi kwenye miti mizee na magogo yaliyooza. Upande mmoja wana haki. Usiku wa kuamkia tarehe 16 Oktoba 1987 dhoruba iliangusha miti ipatayo milioni 15 kusini mwa nchi, na mahali ambapo watu walikimbilia kusafisha kwa mashine waliumiza udongo na mimea kuliko upepo ulivyofanya. Miti mingi iliyoachwa imelala iliendelea kuishi na kuchipua. Kuoza kwa mti ni sehemu ya uhai wa msitu. Lakini Lady Park Wood, katika bonde la mto Wye, umeachwa ujiendee tangu miaka ya 1940 na kuchunguzwa kwa makini muda wote huo, na matokeo yake hayafanani na ndoto ya pori tulivu. Ugonjwa ulishambulia mielmu yake, ukame wa mwaka 1976 ukaua miti mikubwa, na kivuli kilipokolea mimea ipendayo mwanga ikapungua. Msitu usioguswa ni aina yake, wenye thamani yake, na inafaa uwepo. Ila hauwezi kuwa mrithi wa ule uliotunzwa kwa karne nane, kwa kuwa viumbe wengi waliobaki Uingereza wamezoea uwazi unaofunguka na kujifunga kwa zamu.

Zaidi ya hayo, msitu wa leo ukiachwa hauachwi kwa asili bali kwa kulungu. Mbwa mwitu waliowawinda walitoweka nchini karne nyingi zilizopita, na kwa kulungu wa kienyeji wameongezwa wageni, akiwemo muntjaki, kulungu mdogo wa China aliyeenea baada ya kufugwa Woburn mwanzoni mwa karne ya 20. Wanakula machipukizi kabla hayajapata urefu wa goti. Ndege Luscinia megarhynchos, mwimbaji mashuhuri wa usiku ambaye idadi yake Uingereza imeanguka kwa takribani asilimia 90 tangu miaka ya 1960, anahitaji vichaka vizito vinavyotokana na machipukizi hayo. Watafiti walipozungushia ua baadhi ya vipande vilivyokatwa Bradfield na kuacha vingine wazi, ndege hao walielekea kwenye vilivyozungushiwa. Ni jaribio dogo, lakini linaonyesha kwamba shoka bila ua halitoshi siku hizi.

Pingamizi la mwisho ni la wenye huruma: bora watu wasiingie kabisa. Ni kweli kwamba jani la hayasinti likikanyagwa haliwezi tena kulisha tunguu lake, na eneo lililosagwa na miguu huchukua miaka kupona. Kung'oa mmea huo bila idhini ya mwenye ardhi ni kosa kwa sheria ya mwaka 1981. Lakini Bradfield ilisalimika kwa sababu watu wa karibu waliifahamu vya kutosha kuipigania. Jibu ni njia zenye mipaka iliyo wazi, mbwa kwenye kamba, na maelezo ya maana kuhusu kinachoonekana. Hilo ni la haraka sasa kwa sababu ya mfraksino: kuvu kutoka Asia, Hymenoscyphus fraxineus, ilitambuliwa nchini mwaka 2012 na inaendelea kuua miti hiyo kila mkoa. Anayetembelea Suffolk mwezi Juni ataona matawi yaliyo uchi kati ya yaliyovaa majani. Baadhi ya miti inaonyesha ukinzani, na kukata mifraksino yote kwa hofu ni kuiondoa hata hiyo yenye ukinzani, pamoja na mbegu zake.