Tarehe ya Ukoo wa Bach: Muziki wa Baroko Mikononi mwa Mafundi wa Thuringia

Ukoo wa Bach ni ukoo wa Walutheri wa Thuringia, nchi ya vilima na misitu iliyo katikati ya Ujerumani, ambao waliishi kwa kazi ya muziki tangu miaka ya mwisho ya karne ya 16 hadi katikati ya karne ya 19. Ndani ya muda huo ulizaliwa, ukakua na kupitwa na wakati muziki wa Baroko, yaani muziki wa sanaa wa Ulaya uliotungwa takriban kati ya mwaka 1600 na 1750, ambao kwa desturi hugawanywa katika mtindo wa Kiitaliano, wa Kifaransa na wa Kijerumani. Mitindo ya kigeni iliwafikia watu wa ukoo huu kupitia noti zilizonakiliwa kwa mkono, walimu, na watumishi wa muziki wa makasri ya jirani. Na Johann Sebastian Bach, aliyewapita wote kwa sifa, hakuzuka peke yake, bali aliirithi kazi iliyokwisha kushikwa na vizazi vitatu kabla yake.

Wa kwanza kutajwa katika nasaba ni Veit Bach, mwokaji mikate aliyeihama Hungaria kwa ajili ya imani yake ya Kilutheri, akafanya makazi katika kijiji cha Wechmar, karibu na mji wa Gotha. Inasimuliwa kwamba alikuwa na ala ndogo ya nyuzi aliyokwenda nayo kwenye kinu cha kusagia unga, akawa akiipiga huku mawe yakizunguka, na kilembwe wake aliyeandika habari hizo alidhani kwamba hapo ndipo Veit alipojifunza kushika mapigo. Veit hakuufanya muziki kuwa riziki yake. Mwanawe Hans alitumwa Gotha kujifunza kwa mpiga ala wa mji, akawa wa kwanza katika ukoo kuishi kwa kazi hiyo, na alipofariki mwaka 1626 aliacha wana watatu walioishika: Johann, Christoph na Heinrich.

Kazi yenyewe ilikuwa ya ufundi, yenye taratibu zake kama ufundi mwingine wowote wa mjini. Kila mji wa kadiri uliajiri kikundi cha wapiga ala waliokula kiapo mbele ya wakuu wa mji, na wajibu wao ulikuwa kupiga nyimbo za kanisa kwa tarumbeta kutoka juu ya mnara wa baraza la mji, kusaidia ibada za Jumapili, na kutumikia harusi, ambazo malipo yake yalikamilisha mshahara uliokuwa mdogo. Mwanagenzi alikaa nyumbani kwa fundi kwa miaka kadhaa na kujifunza fidla, filimbi, zumari na tarumbeta kwa pamoja, kwa kuwa mji haukuwa na uwezo wa kuajiri bingwa wa kila ala. Hadhi ya juu zaidi ilikuwa ya mpiga kinanda wa kanisa, aliyetakiwa kujua kutunga papo kwa papo. Johann aliongoza wapiga ala wa mji wa Erfurt tangu mwaka 1635, katikati ya Vita vya Miaka 30 vilivyoiharibu Ujerumani, naye Heinrich alipiga kinanda katika mji wa Arnstadt kuanzia mwaka 1641 hadi alipofariki mwaka 1692.

Wakati mafundi hao wakipiga minarani, muziki wa Italia ulikuwa umekwisha kubadilika. Watunzi wa Firenze na Mantova walitaka maneno yasikike na hisia za mwimbaji zidhihirike, hivyo wakaacha kusuka sauti nyingi zenye cheo sawa, wakaweka sauti moja juu na besi chini yake. Ndipo ilipopatikana opera, yaani tamthilia inayoimbwa kuanzia mwanzo hadi mwisho, na L'Orfeo ya Claudio Monteverdi iliyoonyeshwa Mantova mwaka 1607 ndiyo ya kale kuliko zote zinazoonyeshwa mara kwa mara hadi leo. Mwaka 1637 ukumbi wa kwanza wa opera uliowapokea watu wote wenye kulipa kiingilio ulifunguliwa Venezia. Msingi wa mtindo huu mpya ulikuwa besi ya mfululizo: mtunzi aliandika mstari wa besi tu na kuuwekea tarakimu, na mpiga kinanda, akizisoma tarakimu hizo, alijaza mwenyewe noti za kati kwa kadiri ya ujuzi wake. Alama hiyo ya besi yenye tarakimu ndiyo inayoutambulisha muziki wa Baroko popote ulipotungwa. Heinrich Schütz, mzaliwa wa Thuringia aliyesoma Venezia tangu mwaka 1609, ni mmoja wa walioileta elimu hiyo Ujerumani, na kutoka makasri makubwa ikateremka hadi miji midogo.

Kizazi cha wajukuu wa Hans kiliipokea. Johann Christoph, mwana wa Heinrich, aliyezaliwa mwaka 1642 na kuwa mpiga kinanda wa Eisenach, alitunga muziki wa kanisa wenye sauti 22 zinazoelezea vita vya malaika Mikaeli na joka, na mtindo wa Venezia wa makundi ya waimbaji na tarumbeta yanayojibizana unasikika ndani yake waziwazi. Christoph naye alizaa mapacha mwaka 1645, Johann Ambrosius na Johann Christoph, ambao walifanana hata, kama inavyosimuliwa, wake zao walipata shida kuwatofautisha. Ukoo ulienea kiasi kwamba mjini Erfurt wapiga ala wa mji waliendelea kuitwa "akina Bach" hata pale ambapo hakukuwa na mtu wa ukoo huo miongoni mwao. Mara moja kwa mwaka walikutana Erfurt, Eisenach au Arnstadt, wakafungua siku kwa wimbo wa kanisa, na baadaye wakageukia mzaha wa kuimba kwa pamoja nyimbo kadhaa za mitaani zenye maneno yasiyopatana, kila mtu na wake.

Wimbo huo wa kanisa, uitwao korale, ndio mzizi wa mtindo wa Kijerumani. Tangu siku za Martin Luther waumini waliimba kwa lugha yao tuni rahisi za beti, na kazi ya mtunzi wa Kijerumani ikawa kuzichukua tuni hizo na kuzizungushia sauti nyingine, ama katika sauti nne za kwaya ama kwenye kinanda. Nyingi kati yake zilifika Afrika Mashariki na wamisionari wa Kijerumani, na zimo mpaka sasa katika kitabu cha nyimbo cha Walutheri wa Tanzania.

Johann Ambrosius alihamia Eisenach mwaka 1671 kuongoza wapiga ala wa mji, na huko ndiko alikozaliwa mwanawe wa mwisho, Johann Sebastian, mwezi Machi mwaka 1685. Mama alifariki mwaka 1694 na baba mwaka 1695, hivyo yatima huyo wa miaka 9 akachukuliwa na kaka yake mkubwa, mpiga kinanda wa Ohrdruf aliyekuwa amefunzwa na Johann Pachelbel. Kaka alikuwa na kitabu cha tungo za mabingwa wa kinanda alichokifungia katika kabati la mbao lenye vyuma vya kimia. Mtoto alipenyeza mkono, akakiviringisha na kukitoa usiku, akakinakili kwa mbalamwezi muda wa miezi 6, na kaka alipogundua akamnyang'anya nakala hiyo. Kisa hicho, kilichochapishwa katika taazia yake ya mwaka 1754, kinaonyesha jinsi elimu ya muziki ilivyokuwa mali ya kuhifadhiwa, kwa kuwa tungo zilizochapishwa zilikuwa chache na ghali.

Alipopelekwa shule Lüneburg mwaka 1700, Sebastian alipata kuwasikia wapiga ala wa mtawala wa Celle, ambao wengi wao walikuwa Wafaransa. Mtindo wa Kifaransa ulikuwa umejengwa na Jean-Baptiste Lully, mzaliwa wa Firenze aliyeutawala muziki wa kasri la Mfalme Louis wa 14 hadi alipofariki mwaka 1687, na asili yake ilikuwa ngoma za kasri. Kutokana na ngoma hizo ulitengenezwa mfululizo wa vipande uitwao swiiti, wenye alemandi ya mwendo wa wastani, kuranti iliyo nyepesi, sarabandi ya polepole na jigi ya kurukaruka, na mara nyingi ulitanguliwa na ovacha, ambayo huanza kwa mwendo mzito wa noti ndefu na fupi zinazopokezana, kisha hukimbia. Mtaliano alimwachia mwimbaji au mpigaji aongeze madoido kwa hiari yake, ilhali Mfaransa aliyaandika kwa alama maalumu na kutaka yafuatwe.

Mwaka 1703 Sebastian aliajiriwa kupiga kinanda Arnstadt, mji ambamo babu yake mdogo Heinrich alikuwa ametumikia nusu karne. Mwaka 1705 aliomba ruhusa ya majuma manne, akatembea kwa miguu zaidi ya kilomita 400 hadi Lübeck kumsikiliza Dietrich Buxtehude, akarudi baada ya takriban miezi minne. Wakuu wa kanisa walimkemea kwa kukawia, na pia kwa kuchanganya noti ngeni katika korale hata waumini wakapotea. Jambo alilolifuata Lübeck lilikuwa ufundi wa kinanda wa kaskazini na hasa fuga, ambamo sauti moja huanza peke yake na kutoa kauli fupi, ya pili huijibu kauli hiyo katika kimo kingine huku ya kwanza ikiendelea na maneno yake, kisha ya tatu na ya nne huingia vivyo hivyo, mpaka zote zinasemezana bila hata moja kuwa mtumishi wa nyingine.

Katika kasri la Weimar, alikokaa kuanzia mwaka 1708, alizipata konsato za Antonio Vivaldi, ambazo mkusanyo wake uliochapishwa Amsterdam mwaka 1711 ulisambaa Ulaya nzima. Konsato ni utungo ambamo kundi zima la wapigaji hutoa kiitikio kinachorudi tena na tena, na kati ya kiitikio kimoja na kingine mpigaji mmoja au wachache huonyesha ustadi wao. Sebastian alizigeuza kadhaa ziweze kupigwa kwa kinanda, na kwa njia hiyo akajifunza jinsi ya kupanga utungo mrefu usipoteze mwelekeo. Alipodai kuondoka kwa ukaidi, mtawala alimfunga jela karibu mwezi mzima mwaka 1717, ndipo akaenda Köthen, ambako aliandaa Konsato za Brandenburg, sita kwa idadi, alizozitoa kwa heshima ya kabaila wa nasaba ya watawala wa Brandenburg mwaka 1721. Katika ile ya tano hapsikodi, kinanda chenye nyuzi zinazodonolewa, ambacho kazi yake ilikuwa kujaza besi ya mfululizo tu, kinawanyamazisha wenzake wote na kupiga peke yake kwa vipimo 65.

Mwaka 1723 alihamia Leipzig kuwa mkuu wa muziki wa makanisa, baada ya Georg Philipp Telemann kuikataa nafasi hiyo na Christoph Graupner kunyimwa ruhusa na bwana wake. Huko alitakiwa kuandaa kantata karibu kila Jumapili. Kantata ya kanisa iliunganisha yote yaliyotajwa hapo juu: maneno yalighaniwa kwa mwigo wa mazungumzo, kama katika opera, yakafuatiwa na aria, yaani wimbo wa mwimbaji mmoja unaokaa juu ya hisia moja, na mwishoni ikaimbwa korale ya sauti nne. Takriban 200 za kantata hizo zimesalia.

Mwaka 1735 unastahili kutazamwa peke yake. Katika mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 50, Sebastian alichapisha kitabu chenye tungo mbili za hapsikodi, Konsato ya Kiitaliano na Ovacha ya Kifaransa, akiiweka mitindo miwili mikuu ya zama zake ubavu kwa ubavu. Na katika mwaka huohuo aliandika tarehe ya ukoo wake, kuanzia Veit, yenye majina 53 ya wanaume. Wanawake hawakuhesabiwa, ingawa mke wake wa kwanza, Maria Barbara, alikuwa binti wa mtunzi Johann Michael Bach wa Gehren, na wa pili, Anna Magdalena, alikuwa mwimbaji wa kasri la Köthen aliyemnakilia tungo nyingi. Alihifadhi pia tungo za wazee wake, na mkusanyo huo, uliopotea kutokana na Vita vya Pili vya Dunia, ulipatikana Kiev mwaka 1999.

Hata hivyo ladha ilikuwa imeanza kugeuka. Mwaka 1737 mhakiki Johann Adolph Scheibe aliandika kwamba muziki wa Sebastian ulikuwa umejaa mno na kutatanisha, na kizazi kipya kilipenda lahani moja nyepesi kuliko sauti zinazosukana. Sebastian alifariki tarehe 28 Julai 1750, na wanawe wakafuata njia mpya: Carl Philipp Emanuel alimtumikia Mfalme Frederick wa Prussia, kisha mji wa Hamburg; Johann Christian aliuacha Ulutheri, akaishi London kwa maonyesho ya kulipia, na mwaka 1764 akakutana huko na Mozart aliyekuwa na umri wa miaka 8; naye Wilhelm Friedemann, mkubwa wao, aliuza sehemu ya miswada ya baba yake na kufa maskini Berlin mwaka 1784. Kazi ya wapiga ala wa mji nayo ilififia, na ukoo ulioishi kwayo ukakosa mahali pa kulelea wanagenzi. Mjukuu wa Sebastian, Wilhelm Friedrich Ernst, aliyehudhuria uzinduzi wa mnara wa kumbukumbu ya babu yake Leipzig mwaka 1843, alifariki mwaka 1845, na pamoja naye ukakoma ukoo wa Sebastian katika kazi ya utunzi.

Aliyeufufua muziki huo alikuwa mtu wa nje ya ukoo, Felix Mendelssohn, aliyeongoza Mateso ya Yesu kadiri ya Mathayo mjini Berlin mwaka 1829. Msomaji anayetaka kuijua mitindo ya Baroko kwa masikio yake na aanze na zile tungo mbili za mwaka 1735, kisha asikilize kantata yoyote ya Leipzig, na baada ya hapo arudi nyuma kwa Johann Christoph wa Eisenach, kwa maana ndiye atakayemthibitishia kwamba kazi ya Sebastian ilianza kabla ya Sebastian.