Upungufu wa Madini Malishoni na Historia ya Mipaka katika Bonde la Ufa

Historia ya ufugaji Afrika Mashariki imeandikwa zaidi kwa magonjwa yanayoambukiza: sotoka, ndigana kali, homa ya mapafu. Ng'ombe anayedhoofika akiwa amesimama katikati ya nyasi za kijani hakupata waandishi wengi. Makala haya yanadai kwamba upungufu wa madini, ingawa chimbuko lake ni udongo, uligeuka kuwa ugonjwa katika Bonde la Ufa pale mifugo ilipozuiwa kuhama.

Mwaka 1903 Lord Delamere alikodishwa na serikali ya kikoloni takriban ekari 100,000 huko Njoro, karibu na Nakuru, kwa muda wa miaka 99. Machoni pake yalikuwa malisho yasiyo na dosari: nyasi tele, mvua ya kutosha, hewa ya baridi. Kondoo alioagiza kutoka ng'ambo walikufa kwa wingi, na ng'ombe nao hawakustawi. Si haki kuubebesha udongo lawama zote, kwa kuwa kupe na homa ya mapafu vilikuwa na sehemu yao. Hata hivyo, Wamasai, ambao mifugo yao ilienea bondeni, walikuwa wakilikwepa eneo hilo. Walowezi waliona ardhi tupu isiyo na mwenyewe. Kumbe utupu huo ulikuwa maarifa. Delamere mwenyewe baadaye alianzisha ufugaji wake upya Soysambu, kando ya Ziwa Elmenteita. Kwa maneno mengine, naye alihama.

Walowezi waliofuata waliuita ugonjwa huo Nakuruitis. Mnyama hupoteza hamu ya kula, manyoya husimama, ufizi na utando wa macho hupauka, ndama hadumishi uzito, na mwisho hufa kwa njaa ilhali chakula kimemzunguka. Mnyama huyohuyo akipelekwa mapema kwenye malisho ya udongo mwingine hupona bila dawa. Kwa kuwa damu ndiyo iliyoonekana kupungua, chuma kilishukiwa kwanza. New Zealand ilikuwa na maradhi yanayofanana na hayo kwenye udongo wa majivu ya volkano, na mawe ya chuma yaliyosagwa yaliponya mifugo katika baadhi ya majaribio tu. Mwaka 1935 Underwood na Filmer, huko Australia Magharibi, walilitegua fumbo hilo. Waliondoa chuma katika dawa, nayo ikaendelea kuponya. Kilichofanya kazi kilikuwa kobalti, iliyomo ndani ya mawe hayo kwa kiasi kidogo mno. Vitamini B12 ilipotengwa mwaka 1948, ilibainika kuwa kobalti ni sehemu ya umbo lake lenyewe.

Hapa sayansi inaifaa historia moja kwa moja. Bakteria walio katika tumbo la kwanza la ng'ombe hutumia kobalti ya nyasi kutengeneza B12, na bila vitamini hiyo mnyama hawezi kugeuza sehemu ya mazao ya uchachu wa nyasi kuwa nguvu mwilini. Kiwango cha chini kinachotajwa mara nyingi ni karibu miligramu 0.1 ya kobalti kwa kilo moja ya malisho makavu. Lakini ini huweka akiba ya B12 ya miezi kadhaa, na mifupa ni ghala la fosforasi na kalisi. Ng'ombe anaweza basi kulishwa msimu mmoja kwenye nyasi maskini na asidhurike, mradi aliingia na akiba na atatoka kabla haijaisha. Sodiamu haina ghala la namna hiyo, na ndiyo maana safari za kwenda kulamba magadi zilikuwa za mara kwa mara. Kuhama kulikuwa, pamoja na mengine, namna ya kujaza ghala.

Mapatano ya mwaka 1904 yaliwaondoa Wamasai katika sehemu bora za Bonde la Ufa na kuwapeleka Laikipia na kusini. Yale ya mwaka 1911 yaliwaondoa hata Laikipia. Wakati huohuo, walowezi walizungushia mashamba yao uzio. Kwa hiyo pande zote mbili zilifungiwa, ila tafsiri ya matokeo haikuwa moja. Ng'ombe wa mlowezi alipokonda, wataalamu walipima nyasi. John Boyd Orr, mkurugenzi wa taasisi ya Rowett huko Aberdeen, alichapisha kitabu kuhusu madini ya malisho mwaka 1929, na mwaka 1931 yeye na Gilks walitoa utafiti juu ya lishe na afya ya Wakikuyu na Wamasai. Ng'ombe wa Mwafrika alipokonda, jibu la kiutawala lilikuwa kwamba ng'ombe wamezidi. Mwaka 1938 serikali ilikamata na kuuza kwa nguvu ng'ombe wa Wakamba huko Machakos, nao wakaandamana hadi Nairobi. Mmomonyoko wa udongo ulikuwepo kweli. Lakini idadi ya ng'ombe ilihesabiwa kwa bidii kuliko madini yaliyokuwa katika nyasi zao.

Majivu ya volkano nayo si ya namna moja. Yale ya Oldoinyo Lengai yamezipa mbuga za nyasi fupi za Serengeti na Ngorongoro kalisi na sodiamu kwa wingi, na nyumbu huja kuzalia huko mwanzoni mwa mwaka. Wamasai waliyajua malisho hayo, lakini walijua pia kwamba ndama wa nyumbu huleta homa inayoua ng'ombe, hivyo waliwaweka mbali katika miezi ya uzazi. Malisho bora yalikuwa na wakati wake, kama yalivyokuwa yale maskini.

Mwaka 1959 Serengeti ilitenganishwa na Ngorongoro, na Wamasai wakatolewa mbugani. Mwaka 1974 waliokuwa wakiishi ndani ya kreta waliondolewa. Baadaye ng'ombe waliruhusiwa kushuka mchana kunywa maji na kulamba chumvi, kisha kupanda. Ruhusa hiyo nayo ikasitishwa katika muongo wa 2010. Chumvi ya dukani hurudisha sodiamu, lakini peke yake hairudishi fosforasi wala kobalti. Kabla ya kufunga njia kama hiyo, serikali ingepaswa kupima nyasi za pande zote mbili, masika na kiangazi, kwa kuwa fosforasi ya nyasi hushuka zinapokauka, kisha kutaja katika uamuzi wenyewe ni nani atakayelipia madini ambayo ng'ombe walikuwa wakiyafuata kwa miguu.