Sare: Kombe la Vijana wa Asia na Mabingwa Wawili

Kuna maandishi ambayo hakuna anayeyahesabu kuwa fasihi, lakini mimi huyasoma kama riwaya. Orodha ya mabingwa ni mojawapo. Mwaka, mji, aliyeshinda, aliyeshindwa, mabao. Basi. Hakuna mhusika anayefungua mdomo, wala mwandishi anayekushika mkono akueleze ulie wapi na ucheke wapi. Lakini isome taratibu, mstari kwa mstari, na utaona nchi zikibadili majina, vigogo wakiporomoka, na majirani wakinuniana miaka kumi bila salamu.

Orodha ninayotaka tuisome leo haipati wasomaji wengi huku kwetu. Ni ya mashindano ya soka ya vijana ya mataifa ya Asia, yale ambayo umri wa wachezaji umekuwa ukibadilika-badilika kati ya miaka 19 na 20. Sisi tunakesha kwa ajili ya ligi za Ulaya na tunagombana kwa ajili ya AFCON; vijana wa Asia tunawapita kama gari lisilotuhusu. Ni hasara yetu, maana katika orodha ile limejificha neno moja ambalo soka la leo limelisahau kabisa: pamoja.

Tuanzie mwanzo. Mashindano yalianza Kuala Lumpur mwaka 1959. Shirikisho la Soka la Asia lilikuwa bado changa, limezaliwa Manila mwaka 1954, na rais wake alikuwa Tunku Abdul Rahman. Wapenzi wa historia wanalijua jina hilo. Ndiye waziri mkuu wa kwanza wa Malaya, nchi iliyojitoa mikononi mwa Waingereza Agosti 1957. Yaani mtu yuleyule aliyekuwa anaijenga serikali mpya ndiye aliyeshika pia usukani wa soka la bara zima, na aliushika kuanzia 1958 hadi 1977. Ukilijua hilo, huwezi tena kuyaona mashindano yale kama mchezo wa watoto tu. Asia ya wakati ule ilikuwa imejaa nchi zilizotoka kupata bendera juzi, na kila moja ilitaka pa kuipeperusha.

Korea Kusini ilibeba kombe 1959, ikalibeba tena 1960, na mara zote mbili Malaya ikabaki ya pili nyumbani kwake. Hadi hapo hakuna jipya. Kisha unafika mwaka 1961, Bangkok. Fainali: Burma na Indonesia, 0-0. Bingwa: Burma na Indonesia.

Nenda 1963, Penang: Burma na Korea Kusini, pamoja. 1964, Saigon: Burma na Israeli, 0-0, pamoja. 1966, Manila: Burma na Israeli tena, 1-1, pamoja tena. 1969, Bangkok: Burma na Thailand, 2-2, pamoja. 1974: India na Iran. 1975: Iran na Iraki. 1976: Iran na Korea Kaskazini. 1978, Dhaka: Iraki na Korea Kusini. Nimezihesabu. Katika mashindano 20 ya kwanza, kuanzia 1959 hadi 1978, kombe liligawanywa mara 9.

Shabiki wa leo atacheka. Bingwa wawili ni bingwa gani huyo? Tumezoea kwamba lazima mmoja alie. Dakika 90 zikiisha bila mshindi tunaongeza 30, zikiisha nazo tunapiga matuta, hadi apatikane kijana mmoja wa kubeba lawama ya taifa zima. Wale wa zamani walikuwa na jibu jingine. Mmecheza, hamkuzidiana, basi chukueni nyote wawili.

Kiswahili chetu kina neno zuri sana kwa hali hiyo, nalo ni sare. Timu zikitoka bila kushindana tunasema zimetoka sare. Lakini sare ni vazi pia: ile nguo moja wanayovaa ndugu wa bibi harusi, au kikundi cha kwaya, ili mtu akiwatazama ajue kwamba hawa ni wa mmoja. Hebu tulishike neno hilo kwa maana zake zote mbili, kwa sababu mbele ya safari tutalihitaji.

Kwanza tuwatazame Burma na Israeli. Fainali tatu mfululizo, 1964, 1965 na 1966, zilikuwa zao. Mbili walitoka sare, na ile ya katikati, Tokyo 1965, Israeli ilishinda 5-0. Kwa msomaji wa leo majina hayo mawili hayakai sentensi moja, lakini enzi zile nchi hizo zilikuwa marafiki. U Nu, waziri mkuu wa Burma, aliitembelea Israeli mwaka 1955. Halafu kila mmoja akaenda njia yake. U Nu alipinduliwa na Jenerali Ne Win mwaka 1962, na nchi ikaanza kujifungia milango. Soka halikufa siku hiyo. Vijana wa Burma waliendelea kushinda hadi 1970, mataji 7 kwa jumla, na kaka zao wakachukua dhahabu ya Michezo ya Asia 1966 na 1970. Lakini baada ya hapo jina la Burma linatoweka kwenye orodha ya mabingwa, na hadi leo halijarudi.

Israeli nayo ina mataji 6, la mwisho mwaka 1972. Nchi kadhaa zilikuwa zinakataa kucheza nayo, na mwaka 1974 Shirikisho la Asia likaitoa. Ilitangatanga miaka mingi hadi ikawa mwanachama kamili wa shirikisho la Ulaya mwaka 1994. Mataji yake bado yameandikwa palepale. Ni kama picha ya harusi ukutani ambayo mmoja wa waliomo ameshahama nyumba. Hakuna aliyeishusha, na hakuna anayeizungumzia. Wakati huohuo wapo waliohamia. Australia iliingia Asia mwaka 2006 ikitoka Oceania, na mwaka 2025, huko China, ikatwaa kombe hili kwa kuifunga Saudi Arabia kwa penalti 5-4 baada ya sare ya 1-1. Kumbe "Asia" yenyewe si ramani tu. Ni makubaliano, na makubaliano huvunjika na kuandikwa upya.

Mstari unaoniumiza zaidi ni wa 1975. Mji ni Kuwait. Iran na Iraki, 0-0, mabingwa pamoja. Machi ya mwaka huohuo serikali za nchi hizo mbili zilikuwa zimesaini makubaliano Algiers kuhusu mpaka wao kwenye mto wa Shatt al-Arab. Kwa hiyo ilikuwa ni kama viwanja na ofisi za serikali vilikuwa vinaimba wimbo mmoja. Miaka miwili baadaye, 1977, wakakutana tena fainali mjini Tehran. Iraki ikashinda 4-3, ugenini, mbele ya watu wa Tehran. Mabao saba! Mechi ya namna hiyo ndiyo watu husimuliana hadi uzeeni.

Lakini tazama kilichofuata. Mapinduzi ya Iran, 1979. Septemba 1980, vita. Miaka minane. Kijana aliyekuwa na miaka 19 siku ile ya sare ya Kuwait alikuwa na 24 vita ilipoanza na 32 ilipokwisha, yaani umri wote ambao mchezaji huwa kwenye ubora wake. Sitaki kujifanya najua kila mmoja wao alikuwa wapi miaka hiyo. Ninachojua ni kwamba walizaliwa katika kizazi kilichoitwa kupigana, pande zote mbili za mto. Na uwanja wao wa sare, Kuwait, nao ukavamiwa na jeshi la Iraki Agosti 1990. Mstari mmoja tu kwenye orodha, una nchi tatu ndani yake, na ndani ya miaka 15 zote tatu zimeingia vitani. Riwaya gani ingethubutu kuandika hivyo bila mhariri kusema umezidisha?

Sasa, kwa nini kugawana kombe kuliisha? Sehemu ya jibu, kwa maoni yangu, ni kwamba mashindano haya yaligeuka ngazi. Mwaka 1977 FIFA ilianzisha ubingwa wa dunia wa vijana nchini Tunisia, na Iran na Iraki ndizo zilizokwenda kwa niaba ya Asia. Kuanzia hapo kombe la Asia halikuwa tena mwisho wa safari, lilikuwa mlango wa kuingilia kwingine. Baada ya 1978 yakaacha kuchezwa kila mwaka. Na penye nafasi chache, watu huhesabiana. Tangu Dhaka 1978, neno "pamoja" halijaandikwa tena kwenye orodha ile.

Ndipo tunafika Jakarta, Novemba 1990. Fainali ni Korea Kusini na Korea Kaskazini. Watu wa lugha moja, waliotenganishwa tangu 1945 na kupigana vita kuanzia 1950 hadi 1953. Dakika zote zikaisha 0-0. Ingekuwa miaka ya nyuma, wangepewa kombe wote. Kaka zao walifanyiwa hivyo hasa: katika Michezo ya Asia ya 1978, Bangkok, Korea zote mbili zilitoka sare ya 0-0 kwenye fainali ya soka na zikagawana dhahabu. Lakini kanuni mpya ilitaka mmoja. Wakapiga penalti, Kusini ikashinda 4-3.

Hapo orodha inanyamaza, na ukiishia hapo utadhani hadithi imekwisha. Haikuisha. Timu zote mbili zilikuwa zimefuzu kwenda Ureno kwenye ubingwa wa dunia wa vijana wa 1991. Na viongozi wa pande mbili, waliokuwa wanazungumza miezi ile, wakakubaliana jambo ambalo leo linasikika kama ndoto: vijana waende kama timu moja. Zikachezwa mechi za majaribio Seoul na Pyongyang. Kocha akatoka Kaskazini, msaidizi wake Kusini. Bendera ikawa nyeupe yenye ramani ya rasi nzima kwa rangi ya buluu. Badala ya nyimbo mbili za taifa, ukapigwa Arirang, wimbo wa asili ambao kila Mkorea anaujua.

Waliotoka sare Jakarta sasa walikuwa wamevaa sare Lisbon.

Mchezo wa kwanza waliikuta Ajentina. Wakaifunga 1-0. Wakatoka 1-1 na Ayalandi. Wakafungwa 1-0 na wenyeji Ureno, kizazi kile cha Luís Figo na Rui Costa ambacho hatimaye kilibeba kombe. Robo fainali wakakutana na Brazili, wakalala 5-1. Safari ikaishia hapo. Septemba ya mwaka huohuo, Korea mbili zikaingia Umoja wa Mataifa siku moja, lakini kama nchi mbili, kila moja na kiti chake.

Kuna jambo dogo hapo ambalo wasimulizi wengi hulipita. Asia ilikuwa na nafasi mbili Ureno. Wakorea walipoamua kukalia kiti kimoja, cha pili kilibaki wazi, akakikalia Msyria. Na Syria haikwenda kutalii. Ilitoka 3-3 na Uingereza, ikafika robo fainali, na ikatolewa na Australia kwa penalti tu. Mwaka 1994, Jakarta ileile, Syria ikawa bingwa wa vijana wa Asia kwa kuifunga Japani 2-1. Tumefundishwa kwamba ukigawana, kila mmoja anapata pungufu. Mwaka 1991 wawili waligawana, na wa tatu akapata pa kukaa.

Najua kuna atakayesema ninaipamba. Timu ile ilidumu wiki chache, na mpaka wa Korea uko palepale hadi leo. Sare ya Kuwait haikuzuia risasi hata moja. Ni kweli. Mpira hauleti amani, na anayekwambia unaleta ana tiketi anataka kukuuzia. Lakini orodha hii inatunza kitu ambacho vitabu vya vita havitunzi: kwamba kabla ya mabaya, mambo mengine yaliwezekana, na watu waliyaishi. Iran na Iraki walisimama siku moja kama mabingwa pamoja. Si methali wala sala. Ni rekodi, ina mwaka na ina mji.

Na wakati mwingine mlango uliofungwa hufunguka kidogo. Mwaka 2014 mashindano yalichezwa Myanmar, ile Burma ya zamani. Vijana wenyeji wakafika nusu fainali, wakafuzu kwenda New Zealand mwaka 2015. Huko walifungwa mechi zote tatu: 2-1 na Marekani, 6-0 na Ukraine, 5-1 na wenyeji. Kwa hesabu ni kichapo. Mimi nikisoma orodha kutoka juu, nikikumbuka mataji yale 7 na ukimya wa miaka zaidi ya 40, naona nchi iliyokuwa imepotea kwenye kitabu ikitajwa tena, hata kama ni kwa ukurasa mmoja.