Nani Aliwahesabu Nyuki wa Lukole?

Likitajwa jina la Lukole au la jirani yake Benaco, wengi wetu hukumbuka jambo moja tu, wakimbizi. Na ni haki tukumbuke hivyo. Kati ya tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Ngara katika muda wa saa 24 hivi. Wanyarwanda walirudishwa kwao Desemba 1996, lakini Lukole, iliyokuwa kambi ya Warundi, iliendelea kuwapo kwa miaka mingi kabla ya kufungwa. Hesabu za wakati ule zipo: watu wangapi, mahindi magunia mangapi, maji lita ngapi. Hata kuni zilihesabiwa. Kambi za Kagera zilipofurika, ilikadiriwa kwamba tani 1,200 za kuni zilichomwa kila siku.

Wiki hii nazungumzia kitu ambacho hakikuingia katika hesabu hizo: maua ya miti iliyochomwa, na wadudu walioishi kwa maua hayo.

Najua kuna atakayecheka. Mwenzangu mmoja studio aliniuliza, "Watu walikuwa wanakufa kwa kuhara, wewe unalilia maua?" Nilimwonyesha kikombe cha kahawa alichokuwa ameshika.

Kwa karne nyingi watu waliamini kwamba ua liliumbwa limpendeze binadamu. Mwaka 1793 mwalimu mmoja wa Ujerumani, Christian Konrad Sprengel, alitoa kitabu akieleza kwamba rangi ya ua, harufu yake, hata mistari iliyochorwa juu ya majani yake, ni alama za kumwelekeza mdudu mahali penye mbochi, yaani yale maji matamu ya ndani ya ua. Wasomi wa wakati wake walimpuuza. Ilibidi Charles Darwin aje kuifufua kazi hiyo katika karne iliyofuata. Kisha Karl von Frisch wa Austria akathibitisha kwamba nyuki huona rangi, ila si kama sisi. Nyekundu kwake ni kama giza, lakini huona mwanga ambao jicho letu haliuoni kabisa. Kwa hiyo maua mengi mekundu huwangoja ndege kama chozi, na maua meupe yanayonukia usiku huwangoja nondo.

Kwa lugha yetu tungesema mti hauwezi kwenda kuposa wenyewe, lazima utume mshenga. Chavua ya ua moja hufikishwa kwa ua jingine na huyo mshenga, na ujira wake ni mbochi. Harufu ndiyo barua ya kumwita.

Sasa turudi kwenye kikombe. Kagera inajulikana kwa kahawa ya robusta, na wazee wa Kihaya waliitafuna na kumkaribishia mgeni muda mrefu kabla Mzungu hajafika kuitafutia soko. Punje mbili za tunda moja zilitumika hata katika kuchanjiana udugu wa damu. Robusta ina tabia moja: mti hauzai kwa chavua yake wenyewe. Lazima chavua itoke mti mwingine, iletwe na upepo au nyuki. Mvua ikinyesha baada ya kiangazi, shamba zima hugeuka jeupe na kunukia kama asumini, kwa siku chache tu. (Migomba inayoizunguka kahawa hiyo haina shida hizo. Ndizi zetu za kula huzaa bila mshenga yeyote.)

Mwaka 2013 watafiti walitangaza jambo lililonishangaza. Katika mbochi ya maua ya kahawa mna kafeini, ileile inayotuamsha sisi asubuhi. Ni kidogo, kiasi ambacho nyuki hasikii uchungu wake. Lakini nyuki waliopewa kafeini na harufu pamoja waliikumbuka harufu hiyo baada ya siku nzima, idadi yao ikiwa mara tatu ya wale waliopewa sukari peke yake. Kwa hiyo kahawa haimwiti mshenga tu. Inahakikisha hasahau njia.

Lakini nyuki hawezi kuishi mwaka mzima kwa maua ya siku chache. Miezi mingine anakula wapi? Katika nchi ya Ngara na Biharamulo alikula katika miyombo, na katika mninga wenye maua ya manjano yanayonukia mbali. Ndiyo miti iliyoingia mafigani. Eneo la kilometa za mraba 570 za misitu liliguswa, na 167 kati yake zikabaki karibu uwanda mtupu. Siwalaumu wakimbizi. Mtu aliyepewa mahindi makavu na maharage magumu atafanyaje bila moto? Ninaowalaumu ni sisi tulioandika historia ile, maana tuliuona mti kama kuni na basi.

Wakimbizi wenyewe walilijua jambo hili kwa njia yao. Akina mama wa Kirundi walipanda maboga ubavuni mwa vibanda vyao. Boga lina ua dume na ua jike, yote hufunguka alfajiri na kunyauka kabla jua halijakaa sawa. Asipopita mdudu asubuhi hiyo, ua jike hudondoka. Mama mmoja alinieleza Lukole kwamba alikuwa akichuma ua dume na kulipaka mwenyewe kwenye ua jike, kama alivyofundishwa na mama yake.

Na upande wa Biharamulo nilikutana na mzee mrina asali, mizinga yake ya magome imepangwa ukutani nyuma ya nyumba. Nilipomwuliza kwa nini haiko mitini, alinijibu kwamba miti ya jirani imekwisha na nyuki wamehama. Nikachungulia ndani ya mmoja. Kuku alikuwa ameatamia.