Kikao cha Kila Juma

Vilabu vya huduma kwa jamii husifiwa kwa visima, madarasa na chanjo. Ukifuatilia historia yao, hata hivyo, utaona kwamba vyote hivyo vilizaliwa na jambo linalochosha kulitazama: kikao cha kila juma. Rotary, iliyotangulia Kiwanis (1915) na Lions (1917), haikuanza na huduma. Tarehe 23 Februari 1905 mwanasheria Paul Harris alikutana Chicago na Silvester Schiele, muuza makaa ya mawe, Hiram Shorey, mshonaji nguo, na Gustavus Loehr, mhandisi wa migodi, katika ofisi ya huyo Loehr. Walitaka urafiki, na wateja pia. Kila kazi iliwakilishwa na mtu mmoja ili wanachama wasigombaniane soko, na kulikuwa na mtu maalumu wa kuweka kumbukumbu za nani kampa nani biashara. Mwanzoni walizunguka ofisi za wanachama. Idadi ilipokua wakahamia hotelini, na chakula cha mchana cha kila juma kikawa desturi.

Mtu atasema basi kikao kilikuwa kisingizio cha kupeana tenda. Hata Donald Carter, mwanasheria wa hataza, alipoalikwa mwaka 1906 alikataa kwa sababu hiyo hiyo: klabu inayojinufaisha yenyewe haina maisha. Lakini kupeana biashara kulififia, kikao kikabaki. Tena ni kikao kilichowezesha hoja ya Carter, aliyekubali kujiunga baadaye, kuzaa kitu. Mradi wa kwanza, ulioanza mwaka 1907, ulikuwa vyoo vya umma katikati ya jiji. Kazi ya namna hiyo hudai kufuatilia maofisa na kurudi tena na tena na ripoti. Wema wa ghafla hauwezi kuivumilia. Watu wanaojua kwamba wiki ijayo wataulizwa wanaweza.

Ndiyo maana kanuni zilikuwa kali kiasi cha kuchekesha. Aliyekosa vikao vinne mfululizo bila udhuru alipoteza uanachama, ingawa aliyekuwa safarini aliweza kufidia kwa kuhudhuria klabu ya mji mwingine. Mahudhurio yaliandikwa, mzungumzaji alipewa dakika zake, na saa ilipofika watu walirudi kazini. Nairobi ilipopata klabu yake mwaka 1930, ilirithi ratiba hiyo.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mlo wa hotelini saa za kazi ulimfaa bosi, si karani wake. Hilo ni kweli, na wanawake walifungiwa mlango waziwazi hadi Mahakama Kuu ya Marekani ilipotoa hukumu mwaka 1987 na katiba ya Rotary kubadilishwa mwaka 1989. Lakini ubaguzi huo ulitoka kwenye bei, saa na masharti ya uanachama. Haukutoka kwenye kukutana kila juma. Vikoba vya Tanzania, yaani vikundi vya kuweka na kukopa fedha ambavyo wanachama wake wengi ni wanawake wa kipato kidogo, navyo hukutana kila wiki, hutoza faini anayechelewa, na sanduku lao lina kufuli tatu zenye washika funguo watatu: asipofika mmoja, fedha hazitoki. Kwa hiyo uamuzi wa Rotary wa mwaka 2016, wa kuruhusu hata vikao viwili tu kwa mwezi, unazifaa klabu kongwe ambazo wanachama wake wamekwisha kuzoeana. Klabu changa ikianzia hapo, sijui mazoea hayo itayapata wapi.