Leseni za programu huria na ramani anayotumia dereva wa lori

Lori linalotoka Mtwara kupitia Daraja la Umoja, lililofunguliwa mwaka 2010 kati ya Mtambaswala na Negomano, hupita Mueda na kufika njiapanda ya Awasse, mkoani Cabo Delgado. Hapo njia moja huenda mashariki hadi Mocímboa da Praia, umbali wa kilomita zipatazo 40, na nyingine hushuka kusini kuelekea Macomia na Pemba. Mtandao wa simu katika eneo hilo si wa kutegemea. Vita vilivyoanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017 vimeharibu miundombinu mingi, kikiwemo kituo cha kupozea umeme cha Awasse mwaka 2020, na Palma iliposhambuliwa Machi 2021 mawasiliano ya simu yalikatika.

Ramani inayohitaji intaneti kila dakika haimsaidii dereva huko. Wasafirishaji wengi hudhani tofauti ya programu moja na nyingine inatokana na ustadi wa mtengenezaji. Mara nyingi inatokana na leseni.

Hakuna mtengenezaji anayeandika programu ya ramani kuanzia mwanzo. Huchukua maktaba, yaani vipande vya msimbo vilivyokwisha kuandikwa na wengine, kisha huviunganisha. Kila maktaba ina leseni inayoeleza nini kinaruhusiwa, na ndiyo humfanya achague hii na kuiacha ile, hata kama iliyoachwa ni nzuri zaidi.

Mfano unaojulikana sana ni wa Mapbox. Maktaba yake ya kuchora ramani kwenye kivinjari ilikuwa chini ya leseni ya BSD, ambayo hairuhusu kufuta jina la mwandishi lakini huruhusu karibu kila kitu kingine, biashara ikiwemo. Desemba 2020 kampuni hiyo ilitoa toleo la pili kwa leseni iliyofungwa: anayelitumia lazima awe na akaunti ya kampuni, na matumizi yakizidi kiwango cha bure hulipiwa. Leseni ya matoleo ya zamani, hata hivyo, haikuweza kufutwa. Watengenezaji waliyachukua matoleo hayo na kuanzisha MapLibre, ambayo imebaki huria. Anayeitumia anaweza kuweka faili la ramani ya Cabo Delgado nzima ndani ya simu bila kuomba ufunguo kwa mtu yeyote.

Ramani yenyewe mara nyingi ni ya OpenStreetMap. Tangu Septemba 2012 data zake ziko chini ya leseni ya ODbL: anayezitumia lazima ataje chanzo, na akizirekebisha na kuitoa hadharani hazina hiyo ya data, aitoe kwa masharti yaleyale. Hapa wengi hujikwaa. Data ni huru, lakini seva za OpenStreetMap si za kupakua picha za ramani kwa wingi. Kanuni zake zinakataza. Programu iliyojengwa kwa kuzikamua seva hizo inaweza kufungiwa siku yoyote, lori likiwa njiani.

Leseni ya GPL ina sharti kali zaidi. OsmAnd, inayofanya kazi bila intaneti, iko chini yake. Mtu akichukua msimbo wake, akatengeneza programu na kuwauzia wasafirishaji, lazima awape wanunuzi msimbo chanzo pia, nao wana haki ya kuusambaza. Kwa sababu hiyo kampuni nyingi huikwepa. Woga wenyewe wakati mwingine umezidi kiasi: orodha ya wateja na bei za mizigo si msimbo, na GPL haidai zitolewe.

AGPL huenda mbali zaidi, kwani humfunga hata yule anayetoa huduma kwa njia ya mtandao tu. Jukwaa la Ushahidi, lililozaliwa Kenya mwaka 2008 baada ya ghasia za uchaguzi, lilitoka LGPL kwenda AGPL katika toleo lake la tatu. Anayelirekebisha ili kupokea taarifa za barabara zilizofungwa, kisha akaliweka hewani, anawajibika kuwapa watumiaji wake msimbo aliourekebisha.

Kwenye ufuatiliaji wa magari mambo ni rahisi. Traccar iko chini ya Apache 2.0, hivyo kampuni yoyote inaweza kuibadili jina na kuiuza, mradi ibakize maandishi ya leseni. Msafirishaji anayelipia huduma ya namna hiyo kila mwezi halipii msimbo, bali seva, vifaa na mafundi. Ni vyema ajue hivyo kabla ya kukubaliana bei.

Anayeagiza programu ya kampuni yake adai orodha ya maktaba zilizotumika, pamoja na leseni ya kila moja na namba ya toleo. Namba hiyo ni muhimu kwa sababu, kama ilivyotokea kwa Mapbox, toleo la kwanza na la pili huweza kuwa na masharti tofauti kabisa.